Almalafa ya Granada na buibui la Pwani: uchambuzi wa kisa cha tafsiri

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika kazi ya kutafsiri kwa Kiswahili mkusanyiko wa nyaraka za Kihispania kuhusu Granada ya karne ya 16. Majina ya watu, ya mji, ya mchapishaji na ya chuo kilichosaidia kujaribu rasimu yameondolewa. Wahusika nawataja kwa kazi zao: Mtafsiri, Mhariri, Mchoraji na Mwalimu. Mimi niliitwa kama msomaji wa nje wakati rasimu ya kwanza ilikuwa imekwisha kusomwa na wanafunzi, nikabaki na timu hadi kitabu kilipokwenda mtamboni.

Neno lililoleta mzozo ni moja: almalafa. Ni jina la vazi ambalo hata Wahispania wengi wa leo hawalijui. Wakati kazi inaanza, hakuna aliyelitilia maanani. Lilionekana kama jambo la kumalizwa kwa kufungua kamusi. Naandika kwa sababu uchaguzi wa neno hilo ulikuwa unaamua, bila mtu kukusudia, nani aaminiwe na nani aonekane mwongo katika mabishano yaliyotangulia vita.

Usuli: Granada na shuka lake

Granada, dola ya mwisho ya Waislamu katika Hispania, ilisalimu amri tarehe 2 Januari 1492. Mkataba uliwaahidi Waislamu dini yao, mahakimu wao na mali zao. Ahadi hiyo haikufika miaka kumi. Kati ya 1499 na 1501 watu walibatizwa kwa umati, wengi kwa shuruti, na kuanzia hapo wao na watoto wao wakaitwa Wamorisko. Kisheria walikuwa Wakristo. Lugha ya nyumbani ilibaki Kiarabu, na mavazi yakabaki ya Granada, hasa kwa wanawake. Wanaume wao walihamia mapema kwenye mavazi ya Kastilia, ufalme mkuu wa Kikristo wa Hispania.

Mwanamke wa Kimorisko ndani alivaa suruali pana na shati refu. Akitoka, alijitanda almalafa: kitambaa kipana, aghalabu cheupe, kilichoanzia kichwani na kushuka mwilini, na ambacho angeweza kukivuta kwa mkono kikafunika sehemu ya uso. Hakikukatwa kwa kipimo cha mwili wala hakikuwa na mikono. Tunaweza kukiona leo. Christoph Weiditz, msanii wa Kijerumani aliyesafiri Hispania mwaka 1529, alimchora mwanamke wa Granada akiwa barabarani amejitanda shuka hilo. Katika Kanisa la Kifalme la Granada, michongo ya Felipe Bigarny ya mwanzoni mwa miaka ya 1520 inawaonyesha wanawake wakibatizwa kwa kundi hali vichwa vimefunikwa.

Jina lenyewe ni la Kiarabu, milhafa, na ile "al" ya mwanzo imenatia kama ilivyonatia katika mamia ya maneno ya Kihispania. Wanawake wa Mauritania na Sahara Magharibi wangali wanavaa vazi lenye jina la ukoo huohuo, ila lao hupakwa rangi kali za kupendeza. Kwa hiyo hata asili ya neno haitoshi kukuambia vazi linafananaje.

Vita dhidi ya kitambaa hiki vilianza mapema. Mwaka 1513 amri iliyotolewa kwa jina la Malkia Juana ililenga almalafa. Mwaka 1526 Mfalme Charles V aliitisha baraza mjini Granada, baraza likapiga marufuku lugha, mavazi na desturi, kisha Wamorisko wakalipa fedha nyingi na utekelezaji ukasimamishwa. Walinunua miaka arobaini. Tarehe 1 Januari 1567, siku moja tu kabla ya ukumbusho wa kuanguka kwa mji, amri mpya ya Philip II ilitangazwa hadharani: Kiarabu marufuku, mabafu marufuku, ngoma zao marufuku, na nguo mpya za mtindo wa Kimorisko zisishonwe tena. Nguo zilizokwisha kushonwa zilipewa muda. Za hariri, au zenye hariri katika mapambo, mwaka mmoja. Za sufu tupu, miaka miwili. Na katika muda huo, mwanamke aliyevaa kwa mtindo wa kale alitakiwa aache uso wazi.

Aliyekwenda kuitetea jamii yake mbele ya Pedro de Deza, mkuu wa mahakama kuu ya Granada, alikuwa mzee Francisco Núñez Muley, mtu wa ukoo wa kiungwana, ambaye katika ujana wake alimtumikia Hernando de Talavera, askofu mkuu wa kwanza wa mji huo baada ya 1492. Hoja yake ndiyo moyo wa sura iliyotuletea matatizo, kwa hiyo naieleza kwa kirefu.

Núñez Muley alisema mavazi ya wanawake wao si ya dini, ni ya jimbo. Kastilia ina mavazi yake na kila jimbo la Hispania lina yake, na wote ni Wakristo. Waislamu wenyewe hawavai sawa: vazi la Fez si la Tlemcen, la Tunis si la Marrakech, na la Uturuki ni jingine kabisa. Kama dini ya Muhammad ingekuwa na vazi lake, lingekuwa moja kila mahali. Akaongeza kuwa Wakristo wa Syria na Misri hufika Hispania wamevaa vilemba na majoho ya Kituruki, wanasema Kiarabu, hawajui Kilatini, na hakuna anayewaambia si Wakristo. Kisha akashuka hadi mfukoni. Mwanamke maskini asiye na uwezo wa kununua saya, manto (vazi la juu la wanawake wa Kastilia), kofia na chapines (viatu vya soli nene), ambaye siku zote amejisitiri kwa suruali, shati la turubai lililotiwa rangi na shuka jeupe, atafanya nini? Atavaa nini? Fedha atazitoa wapi?

Deza hakubadili kitu. Kwa simulizi ya Luis del Mármol Carvajal, mwandishi wa historia aliyeyashuhudia mengi ya wakati ule, jibu lilikuwa kwamba mfalme anathamini wokovu wa roho moja kuliko kodi zote za Wamorisko. Mkesha wa Krismasi ya 1568 uasi ukazuka katika milima ya Alpujarras. Ulipozimwa, Wamorisko wa Granada walitolewa makwao kwa makumi ya maelfu na kutawanywa Kastilia, na kati ya 1609 na 1614 Wamorisko wote wakafukuzwa Hispania.

Mfuatano wa mambo

Mtafsiri, mama mzaliwa wa Pwani aliyesoma Kihispania kwa miaka mingi, alitumia neno buibui kila mahali palipokuwa na almalafa. Hakufanya hivyo kwa uzembe. Kamusi ya Akademia ya Hispania inaieleza almalafa kuwa vazi la Kimoro, yaani la Waislamu wa zamani wa Hispania, lililofunika mwili kuanzia mabegani hadi miguuni. Yeye akajiuliza mwanamke wa kwao anayetoka nje amejifunika hivyo huitwa amevaa nini. Baadaye, Mhariri alipomuuliza, alimjibu kwa utulivu: "Mwanangu, mtu akitoka kajisitiri utosini hadi kisiginoni, kwetu kavaa buibui. Mimi niandike nini kingine?"

Ni jibu zuri, na watafsiri wengi wazoefu wangelitoa. Msomaji wa Kiswahili analijua buibui, halihitaji maelezo, na sentensi inakwenda bila kukwama.

Mchoraji alipokea rasimu hiyo bila maandishi ya Kihispania na bila picha za zamani. Alichora barabara ya mji wenye mlima nyuma yake, na wanawake watatu waliovaa mabuibui meusi yaliyoshonwa, mikono mirefu, nyuso zimefunikwa. Mchoro ulikuwa mzuri, mchapishaji akaupenda, akautumia kwenye bango la kutangaza kitabu kabla ya kazi kwisha.

Mwalimu, anayefundisha historia katika chuo cha watu wazima, alikuwa amekubali kuijaribu rasimu darasani. Aliwapa wanafunzi wake sura ya Núñez Muley na swali moja la kujadili: je, mzee huyu alisema kweli?

Karibu darasa zima lilisema hapana, na hawakusema hivyo kwa chuki. Wengi walimhurumia, wengine wakamsifu kwa ujanja wa kujaribu kuokoa dini yake kwa maneno. Lakini walikubaliana kuwa alidanganya. Mmoja wao, Mwislamu, alisema kwa uchungu kuwa ni aibu mtu kulikana vazi la dini yake mbele ya hakimu. Mwingine aliuliza: buibui ni vazi la Kiislamu, nani asiyejua? Hoja ya Fez na Tlemcen haikuguswa na mtu yeyote. Ya mwanamke maskini nayo ilipitwa.

Mwalimu alirudi kwa Mhariri akiwa na wasiwasi. Hakuwa anajua Kihispania, lakini aliijua historia ya Hispania vya kutosha kushangaa. Alimwambia Mhariri kwamba darasa lilikuwa limetoa hukumu ileile ya Deza, kwa sababu ileile, na hakuamini kuwa ni hoja zilizowafikisha huko. Hapo ndipo nilipoitwa.

Kikao na chaguo zilizowekwa mezani

Tulikaa wote watano. Kikao kilianza vibaya. Mtafsiri aliona analaumiwa kwa neno ambalo kila mtu alikuwa amelisoma na kulipitisha, na alikuwa na haki ya kuona hivyo. Mhariri, ambaye ni mdogo wake kwa umri, alimwamkia, akamwomba kwanza atuambie yeye mwenyewe buibui ni nini. Lilikuwa ombi la busara kuliko mengine yote ya siku ile.

Kwa sababu alijua. Alituambia kuwa bibi yake alikumbuka zama za shiraa, kwamba buibui lilienea Pwani kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, likitokea Bara Arabu, na kwamba buibui la zamani lilifungwa kichwani kwa namna tofauti kabisa na haya ya kushona yanayouzwa sasa. Akaeleza pia jambo ambalo wanahistoria wa Zanzibar wameliandika: baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani walilivaa buibui kuonyesha kuwa wao sasa ni watu huru wenye heshima zao. Alipofika hapo alinyamaza kidogo, kisha akasema kuwa basi buibui lina mambo yake mengi ambayo Granada haiyajui. Hakuna aliyemshinikiza kufikia hapo.

Tukapitia mbadala mmoja baada ya mwingine.

Shiraa lilipendwa kwa dakika chache kwa sababu ni la kale na ni kitambaa kitupu. Lakini shiraa lilikuwa pazia lililobebwa na watumwa kuwazunguka wanawake waungwana wakipita njiani. Linataja cheo kabla ya kutaja kitu kingine. Almalafa ilivaliwa na tajiri na fukara, na hoja ya Núñez Muley inasimama juu ya fukara. Zaidi ya hapo, msomaji wa Dodoma au Bujumbura hana picha yoyote ya shiraa.

Mtandio ulikataliwa kwa udogo wake. Leo ni kitambaa chepesi cha kichwani na mabegani. Mchoraji alipendekeza kanga, kwa kuwa nayo hujitandwa, na Mtafsiri akamkatalia palepale: kanga huuzwa doti, ina pindo na ina jina, ukiivua hayo umebaki na kipande cha nguo tu. Hijabu, iliyopendekezwa na mchapishaji kwa simu, ingeongeza ubaya uleule.

Ikabaki shuka, na ikabaki kuliacha neno la Kihispania kama lilivyo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuliacha jina almalafa, na mara ya kwanza linapotokea liambatane na maelezo ndani ya sentensi yenyewe: "almalafa, shuka pana, aghalabu jeupe, ambalo wanawake wa Granada walijitanda kuanzia kichwani walipotoka nje". Sababu ilikuwa moja. Kila jina letu la vazi la kujifunika limekwisha kuchukua upande juu ya swali la dini, la cheo au la uhuru, na sura hii inahusu mabishano juu ya swali hilohilo. Msomaji alistahili kusikia pande zote mbili bila kuamuliwa na nomino.

Kilichotuokoa ni kitenzi. Kiswahili hakina jina la vazi hilo, lakini kina kujitanda, na hakuna lugha ninayoijua inayosema kwa neno moja kitendo kile cha kukichukua kitambaa kisichoshonwa ukakizungusha kichwani na mwilini mpaka kikakaa. Mtafsiri ndiye aliyekitaja. Kuanzia hapo sentensi zikaanza kutembea: alijitanda, akajitandua, akalivuta upande mmoja. Vazi likaonekana kwa namna linavyotumika, na nomino ngeni ikaacha kumwelemea msomaji.

Uamuzi wa pili ulihusu pale ambapo Núñez Muley mwenyewe hasemi almalafa. Katika hoja ya mwanamke maskini, kama Mármol alivyoipokea, mzee anatumia neno la kawaida la Kihispania kwa shuka la kitandani. Rasimu ya kwanza ilikuwa imeweka buibui hata hapo, ili neno liwe moja kila mahali. Tulirudisha "shuka jeupe". Naliona hili kuwa sahihisho zito kuliko yote. Mzee alichagua kwa makusudi neno lisilo na uzito wowote wa dini, ili hakimu aone kitambaa na umaskini tu, na tafsiri ilikuwa imemnyang'anya silaha yake mkononi.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuacha suruali. Kihispania kina zaragüelles, na neno hilo na suruali yetu yametoka katika neno moja la Kiarabu, lenye asili ya Kiajemi. Mhariri, akiwa sasa na hofu ya kila neno la kienyeji, alitaka zaragüelles libaki. Nilipinga na nikakubaliwa. Suruali kwa msomaji wetu ni suruali. Haimwambii chochote kuhusu imani ya aliyeivaa. Hofu ya neno zoefu isigeuke kuwa kanuni.

Uamuzi wa nne haukuwa katika ajenda, uliibuka tuliposoma sentensi kwa sauti. Rasimu ilikuwa imeita manto ya wanawake wa Kastilia "joho". Kumbe manto nayo ilikuwa kitambaa cha kujitanda kilichoweza kufunika kichwa na uso. Wanawake wa Kikristo wa Hispania walijifunika nayo mpaka wafalme wakachoka: Philip II alipiga marufuku kufunika uso, na mwaka 1639 Philip IV alikuwa bado anarudia katazo lilelile. Núñez Muley alijua kuwa wanawake wa Kikristo nao walijifunika, na aliligusia. Sasa mwandikie msomaji kuwa mmoja kavaa buibui na mwenzake kavaa joho, atawaona watu wa dunia mbili. Mwandikie kuwa mmoja kajitanda almalafa na mwingine kajitanda manto, ataona wanawake wawili wa mji mmoja, na atauliza kwa nini serikali ilimwona mmoja tu. Tukaandika hivyo.

Mengine yalikuwa madogo. Chapines, viatu vya wanawake vyenye soli nene ya gome jepesi, vilikuwa vimeitwa mitalawanda. Inashawishi, maana vyote vinainua mguu, lakini mtalawanda ni wa mbao na ni wa bei nafuu, wakati orodha ya mzee inataja vitu ambavyo maskini hawezi kuvinunua. Vikawa "viatu vya soli nene". Muda wa miaka miwili nao ulikuwa umeandikwa kuwa ni wa nguo za pamba. Neno la Kihispania hapo humaanisha kitambaa cha sufu. Mpangaji chapa kisha akaandika "sufi", na mtu akaligundua kwenye nakala ya mwisho kabla Granada haijavishwa nguo za msufi.

Mchoro mpya ulichorwa kwa kufuata Weiditz. Bango lilikuwa limekwisha kusambazwa, na mchapishaji hakuwa na fedha za kuchapisha jingine.

Matokeo

Mwalimu aliipeleka rasimu ya pili kwa darasa jingine la kozi ileile, na swali lilelile. Safari hii waligawanyika. Wapo walioamini kuwa Núñez Muley alisema kweli tupu, wapo waliosema alisema kweli nusu, na wapo waliobaki wakisema alidanganya. Tofauti ilikuwa katika kile walichobishania. Walikwenda kwenye Fez na Tlemcen, wakaleta mifano yao ya Waislamu wa Comoro, Sudan na Uturuki wasiofanana kwa mavazi. Mwanamke mmoja mfanyabiashara alisimama kwenye miaka miwili ya sufu na mmoja wa hariri, akataka kujua kwa nini nguo ya gharama kubwa ndiyo ipewe muda mfupi. Swali hilo halikuwa katika maelezo yetu wala katika mawazo yetu.

Malalamiko nayo yalikuwepo. Wasomaji kadhaa walisema sentensi ya kwanza yenye almalafa ni ndefu na inawakatisha. Mmoja aliruka maelezo hayo kabisa, na hadi mwisho wa sura alidhani almalafa ni aina ya kilemba. Kazi ilichelewa, na Mtafsiri alifanya upya sura tatu ambazo mkataba ulikuwa umemlipa mara moja. Mchapishaji alimwongezea kiasi, baada ya Mhariri kusisitiza.

Uchambuzi

Kosa la kwanza halikuwa neno buibui, lilikuwa mpangilio wa kazi. Neno lilipita kwa Mtafsiri, Mhariri na Mchoraji, na kila mmoja aliliongezea uzito. Mtafsiri alitoa jina, Mchoraji akalipa rangi nyeusi na mikono, bango likalipa umaarufu. Mchoraji angepewa mchoro wa 1529 tangu mwanzo, weupe wa lile shuka ungemfanya aulize swali ambalo timu iliuliza miezi kadhaa baadaye. Kwa kazi yoyote inayotaja vitu vya kushikika vya zamani, picha za wakati ule zitangulie mezani.

Kamusi nayo ilichangia. Maelezo yake yanataja mabegani, wakati picha zinaonyesha kichwani. Na yanaliita vazi la Kimoro, yaani yanarudia msimamo uliokuwa ukibishaniwa. Kamusi ya lugha ya washindi huhifadhi pia hukumu zao. Mtafsiri anayetegemea kamusi peke yake kwa maneno ya watu walioshindwa anasikia upande mmoja tu, hata akiwa hodari namna gani.

Jaribio la darasani ndilo lililofanya kazi vizuri kuliko yote, na lilifanya kazi kwa sababu ya swali. Mwalimu hakuuliza kama tafsiri inasomeka. Kama angeuliza hivyo angejibiwa kuwa inasomeka vizuri sana, na kweli ilisomeka. Aliwataka wasomaji watoe hukumu juu ya jambo ambalo maandishi yenyewe yanalibishania, na hukumu yao ikafichua mahali tafsiri ilipoegemea. Ningependa kuona mtindo huu ukitumiwa zaidi kwa nyaraka za mahakama, maombi na mashtaka.

Kuna pingamizi ninalolichukulia kwa uzito. Je, hatukuegemea upande wa pili? Núñez Muley alikuwa wakili wa watu wake, si shahidi asiye na maslahi. Wamorisko wengi walibaki Waislamu kwa siri. Mwaka 1504 mufti mmoja wa Oran alikuwa tayari ameandika kuwaruhusu kuficha imani yao chini ya tishio. Mahakama ya kuchunguza imani iliyatazama mavazi kama dalili. Kwa mwanamke fulani wa Granada, yawezekana shuka lile lilikuwa ibada kweli, na kwa jirani yake lilikuwa nguo ya kwendea sokoni. Jibu langu ni kwamba almalafa pamoja na maelezo yake inaruhusu wanawake wote wawili wawepo katika sentensi. Buibui lilikuwa limemfuta wa pili. Ndiyo maana nafurahi kuwa darasa la pili halikukubaliana.

Pale ambapo sikuafikiana na timu hadi mwisho ni faharasa. Mhariri aliamua neno buibui lisionekane popote kitabuni. Mimi niliona faharasa ingekuwa mahali pake: mistari miwili ikimwambia msomaji kuwa vazi hili linaweza kumkumbusha buibui, na kwa nini halikuitwa hivyo. Msomaji wa Pwani ataufanya mlinganisho huo kichwani mwake tupende tusipende, na ni afadhali aufanye akiwa na habari za kutosha. Bango la wanawake watatu wa mabuibui meusi bado limebandikwa katika maduka ya vitabu, nalo linasema jambo moja huku kitabu kinasema jingine.

Maelezo ndani ya sentensi yalifaa kwa wasomaji wanaosoma kwa mfuatano, hayakumfaa aliyeruka. Kwa toleo lijalo nimependekeza yagawanywe. Mara ya kwanza liitwe shuka jeupe la kujitanda tu, jina almalafa lije ukurasa unaofuata, amri ya 1567 inapolitaja kwa jina. Mfuatano huo unafuata pia mambo yalivyokwenda Granada: kwanza mwanamke alikuwa na nguo yake, ndipo sheria ikaipa jina katika orodha ya vilivyokatazwa.

Sura inayofuata ina marlota, vazi jingine katika orodha ya amri ileile, refu, la kuvaliwa juu ya mengine, lililovaliwa na wanaume na wanawake, na ambalo waungwana wa Kikristo wa Kastilia walilivaa kwa fahari katika michezo yao ya farasi. Mtafsiri ameliandika "juba" kwa penseli, pembeni ameweka alama ya kuuliza, na safari hii ameanza kwa kuomba picha.